Waya Usiotajwa

1

Mwalimu Perpetua Ntandu alikuwa amechora grafu. Wateja wangu wengi hunipokea kwa malalamiko, wachache kwa chai. Yeye alinipokea kwa karatasi ya grafu iliyobandikwa ukutani, mistari imepigwa kwa rula, na nukta nyekundu kwa kila mwezi wa miaka mitatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita, usimame hapa uone vizuri." Alichukua mwiko akaufanya fimbo ya ubaoni. "Huu ni mwaka juzi. Huu mwaka jana. Na huu ndio mwaka huu. Sasa niambie, mtu mmoja anayeishi peke yake, asiye na televisheni, friji yake ndogo hata kuku mzima haingii, anakulaje umeme namna hii?"

Bili yake ilikuwa imepanda kweli, tena ilipanda kwenye saa za usiku. Tangu mkaa upigwe marufuku, Singida nzima inapika kwa umeme, na umeme una bei mbili. Mchana mashamba ya sola ya serikali yanazalisha mpaka yanamwaga, kwa hiyo bei iko chini. Jua likizama bei inapanda mara tatu. Ukitaka kumjua mtu anayepoteza pesa, mtafute anayechemsha maji saa nane za usiku.

"Nataka mabati ya jua," alisema. "Paa zima, na betri ya kufukia uani. Niambie kama italipa. Kama hailipi niambie pia, mimi si mtoto wa kulia."

Nilimpenda papo hapo, na katika kazi yangu hilo ni kosa.

Mimi ni mkadiriaji. Nina kifaa kinachoitwa kibashiri, ukubwa wake kama mche wa sabuni, ambacho nakibana kwenye mita ya mteja. Kinasoma kumbukumbu zote za umeme wa nyumba hiyo tangu mita ilipofungwa. Kila chombo kina mtetemo wake kwenye waya: birika lina wake, hita ina wake, hata mlango wa friji ukifunguliwa kinajua. Kisha kinailinganisha nyumba hiyo na nyumba milioni nyingine, na kukadiria itatumia umeme kiasi gani miaka inayokuja. Watu hudhani swali la sola ni jua. Jua Singida lipo, hata mbuzi wanalijua. Swali ni kama wewe utakuwepo kulitumia. Mabati hurudisha gharama yake kwa miaka saba, na kama nyumba itatulia kabla ya hapo, umelivalisha paa nguo ya sikukuu bure.

Kutulia ni neno letu la kazini. Tunamaanisha kwamba mtu aliyekuwa akitumia umeme hatautumia tena.

Nilibana kibashiri kwenye mita ya Mwalimu Perpetua. Alikivuta kiti akakaa, mikono mapajani, kama msimamizi wa mtihani. Baada ya dakika nne kioo kiliandika: HAILIPI. Chini yake, kwa herufi ndogo ambazo mteja haruhusiwi kuziona: nyumba itatulia ndani ya miezi kumi na minne.

Nilisoma mara mbili. Taa inawashwa mara sita, mara saba kila usiku. Birika la maji usiku wa manane. Hita inawaka hata Oktoba, mwezi ambao Singida hata kivuli kinatoka jasho. Jiko lililokuwa likiwaka saa nzima sasa linawaka dakika kumi. Nilimwangalia yule mama. Mwembamba, mkavu, macho makali. Nikaona nilichotaka kuona: mgonjwa.

"Hailipi, mama," nilisema.

"Kwa nini?"

"Hailipi tu."

"Mwanangu, nimefundisha hesabu miaka thelathini na minne. Jibu bila njia nilikuwa natia sifuri. Nionyeshe njia."

"Sheria ya kazi hairuhusu."

Na hairuhusu kweli. Zamani wakadiriaji walikuwa wanasema sababu. Ndipo mzee mmoja wa Manyoni aliambiwa na mkadiriaji kwamba ana mwaka mmoja, wanawe wakasikia, wakagawana ng'ombe wake huku mzee anawatazama. Mzee aliishi miaka sita zaidi, bila ng'ombe. Baada ya hapo ukaletwa ukimya. Mteja anapewa neno moja, inalipa au hailipi, na sababu inabaki kwenye kifaa. Nacho kibashiri kinasikia. Mkadiriaji akitamka sababu mbele ya mteja, kinajifunga hapo hapo na leseni yake inafungwa nacho.

Mwalimu Perpetua alinisindikiza hadi getini. Nilimwona bado anapiga hesabu kichwani.

2

Usiku ule sikula vizuri, na niseme kwa nini.

Mwaka uliotangulia nilimkadiria mzee Mnyampaa wa Unyambwa. Umeme wake ulikuwa vilevile: taa usiku, maji, hita, jiko linalozimwa mapema. Nilimwambia hailipi. Alinishukuru kwa kumwokolea pesa, akanipa mayai, akaenda kununua pikipiki. Baada ya miezi minane nilikuwa nimekaa kwenye mkeka wa matanga yake, nakula wali wake, na daktari aliyekuwa karibu yangu anasema figo siku hizi si ugonjwa wa kuua mtu. Hospitali ya mkoa wanazitibu zikapona kabisa. "Ila angekuja mapema," alisema daktari. "Hata miezi sita tu mapema."

Nilikuwa nimejua mapema, zaidi ya miezi sita. Nilimeza tonge, likakataa kushuka.

Asubuhi nilimpigia mkuu wangu wa kazi, Bwana Kitundu. Nilimzungushia maneno, lakini yeye ni mzee wa kazi, hazungushwi.

"Felista," alisema, "ukimwambia mmoja, kesho wote watataka kujua. Mwenye nyumba atataka kujua habari za mpangaji wake. Mume atataka kujua habari za mke. Unataka tuwe wauza sola au waganga wa ramli?"

Hakuwa mjinga, na ndiyo sababu nilimchukia kidogo asubuhi ile. Nilikuwa bado nimeshika simu aliponipigia Mwalimu Perpetua.

"Umesahau kifuniko cha kifaa chako hapa kwangu. Njoo ukichukue."

Kifuniko cha kifaa changu kilikuwa mfukoni mwangu. Nilikwenda.

3

Alikuwa ameondoa grafu ukutani. Mezani palikuwa na daftari la mistari, na chai ya maziwa vikombe viwili.

"Kaa. Kunywa. Nimefanya hesabu yako," alisema. "Nimechukua bei ya mabati, nimechukua jua la Singida, nimechukua bili yangu ya mwaka huu. Inarudi kwa miaka saba kasoro miezi miwili. Nimehakiki mara tatu. Mashine yako inasema hailipi. Basi kuna kitu kimoja tu ambacho mimi sikukiweka na mashine imekiweka." Aligeuza daftari nilione. Alikuwa ameandika herufi moja, M, na kuizungushia duara. "Mimi mwenyewe. Mashine inasema sitafika."

Chai ilikuwa na tangawizi nyingi, nikajifanya inanikaba.

"Nyamaza, usijiharibie kazi," alisema kwa upole. "Sikuulizi. Nakuambia tu kwamba mwezi uliopita nilipimwa. Presha safi, sukari safi, mkojo safi. Daktari kaniambia nitawazika wote. Kwa hiyo ama daktari mwongo ama mashine yako mwongo, na nimekaa usiku kucha nikijaribu kujua ni nani, na nimeogopa, mwanangu. Sijaogopa hivyo tangu mume wangu afariki."

Hapo ndipo nilipoamua. Naweza kusema nilifikiria kwa kina, lakini nitakuwa nadanganya. Nilifikiria tonge la Unyambwa. Nikakitoa kibashiri mfukoni, nikakiweka mezani kati ya vikombe, nikasema kila kitu: miezi kumi na minne, taa za usiku, hita, jiko, birika, na figo. Nilipotaja ile miezi tu kifaa kikalia mlio mmoja mfupi na kioo kikawa cheusi. Miaka kumi na moja ya kazi ikaisha kwa mlio kama wa saa ya mkononi.

Mwalimu Perpetua hakukitazama.

"Birika," alisema.

"Ndiyo, mama. Saa nane, wakati mwingine saa tisa usiku."

"Mimi sina birika. Nachemshia kwenye sufuria tangu nizaliwe. Na saa tatu usiku nimeshalala, hata mwizi anajua." Aliweka kikombe chini polepole. Uso wake ulikuwa umebadilika. Woga ulikuwa umeondoka, na kilichokuja badala yake kilikuwa kibaya zaidi. "Ee Mungu. Ni Zena."

Alinipeleka nyuma ya nyumba. Kando ya ukuta palikuwa na tuta la matembele. Aliinama, akafukua udongo kwa vidole, na waya ukaonekana, mnene, umefungwa vizuri kwa plastiki, unatoka kwenye jiko lake na kupita chini ya ukuta hadi kwa jirani.

Zena Kijida, jirani yake kwa miaka ishirini na sita, mfuga kuku, alifiwa na mume miaka minne iliyopita. Mita ilikuwa na jina la marehemu, na mita ya marehemu hufungwa mpaka mirathi iishe. Mirathi yenyewe ilikuwa imekwama kwa shemeji zake. Kumpa jirani umeme ni kosa. Faini yake ni kubwa, na ndiyo maana Mwalimu Perpetua hakuniambia neno jana.

"Lakini si faini," alisema. "Zena hapokei kitu cha mtu. Ukimpa chumvi leo, kesho anakuletea yai. Usiku nilipompitishia huu waya alikaa siku tatu hajauchomeka. Mwishowe akaja ukutani akaniambia, 'Perpetua, nitautumia kwa sharti moja. Usitajwe. Siku utakapotajwa, ndiyo siku nitakapouchomoa.' Nikakubali. Hatujawahi kuutaja, hata kwa utani."

"Na bili ilipoanza kupanda?"

"Ningemwulizaje? Nikiuliza, nimeutaja." Alipangusa udongo mikononi. "Nikaona heri ninunue sola."

Nimekadiria nyumba elfu mbili na zaidi. Nimeona watu wakinunua sola kwa sababu ya jirani kununua, kwa sababu ya mwanasiasa, kwa sababu ya ndoto. Sijawahi kumwona mtu aliyekuwa tayari kuezua paa zima ili asimwulize rafiki yake swali moja.

Tulirudi jikoni tukakaa. Chai ilikuwa imepoa. Nilimwambia kwamba ugonjwa wenyewe unatibika ukiwahiwa. Alisikiliza, akatikisa kichwa.

"Humjui. Nikimwambia, atajua kwamba nimemwona. Usiku wake wote, kila alipoamka. Mwanamke huyu akiumwa jino anafunga kitambaa anasema ni mtindo. Atachomoa, atafunga mlango, hatanisemesha tena. Na hospitali haendi. Nitakuwa nimempoteza, na yeye atakufa gizani."

"Na usipomwambia?"

"Atakufa kwenye taa."

Zena hakuniomba nimsome. Sikuitwa kubana kifaa chochote kwenye ukuta wake. Bwana Kitundu angeuliza nani alinipa ruhusa ya kuingia kwenye usiku wa mtu ambaye hata si mteja wangu.

Mwalimu Perpetua aliitazama ile herufi iliyozungushiwa duara. Halafu akafunga daftari.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," alisema. "Twende. Na wewe uje, maana nikirudi nyuma njiani unisukume."

4

Zena Kijida alikuwa amekaa uani kwenye kigoda, saa nne na nusu asubuhi, jua kali, na juu ya gauni amevaa sweta. Kuku walikuwa wanazunguka miguu yake. Ile miguu niliiona kabla ya kumwona yeye: imevimba mpaka kandambili zimeacha alama.

"Karibuni," alisema. "Shoga, leo umeamua kupita mlangoni? Na mgeni. Mgeni wa kheri au wa kodi?"

"Wa kheri, mama. Shikamoo."

"Marahaba."

Mwalimu Perpetua alibaki amesimama.

"Zena," alisema, "nimekuja kuutaja."

"Kutaja nini?"

"Waya."

Kuku mmoja aliendelea kudonoa. Zena alimwangalia rafiki yake, akaniangalia mimi, akamrudia rafiki yake. Kisha akashika ukuta, akainuka kwa shida, akaingia ndani. Tulisikia friji ikiguna na kunyamaza. Alirudi ameshika plagi, waya unaburuta nyuma yake, akaiweka kwenye mikono ya Mwalimu Perpetua kama mtu anayerudisha ungo alioazima.

"Tulisemaje?"

"Tulisema ukitajwa unachomolewa."

"Haya. Umechomolewa. Sasa sema ulichokuja nacho, maana hukuvunja miaka minne kwa ajili ya salamu."

Mwalimu Perpetua akasema. Hakupamba. Alisema miguu, usiku, hita, figo, miezi kumi na minne, na hospitali ya mkoa. Alisema hata kuhusu grafu. Zena alisikiliza akiwa amesimama, na uso wake ulizidi kuwa mgumu.

"Kwa hiyo mita yako," alisema mwishowe, "ilikuwa inanihesabia ninavyokwenda chooni."

"Si yeye, mama, ni mimi," nilisema. "Mimi ni Felista, mtu wa sola. Nilisoma nisichotumwa. Unaruhusiwa kunitukana."

"Nitakutukana baadaye, subiri zamu yako." Alikaa tena kwenye kigoda, akavuta sweta. Alipozungumza sauti ilikuwa ndogo. "Nilijua bili imepanda, Perpetua. Unadhani mimi sijui birika linakula nini usiku? Kila nilipoliwasha nilisema, kesho ataniuliza. Akiniuliza nitamwambia kwamba naumwa. Nilikuwa nimeshayapanga hata maneno. Mwaka mzima nakusubiri uniulize, wewe huulizi."

"Ungeuchomoa."

"Ningeuchomoa, ndiyo. Lakini ningekuwa nimekwambia."

Mwalimu Perpetua alianza kulia. Alilia kama wanavyolia walimu wa zamani, amesimama wima, machozi tu ndiyo yanatoka, na ile plagi bado iko mikononi. Nami nikalia, sina haja ya kuficha. Zena peke yake ndiye hakulia. Alinigeukia.

"Wewe mtu wa sola. Kwa taa mbili, friji, jiko na birika, kwenye paa langu mwenyewe, jina langu mwenyewe. Majogoo kumi na wawili wanatosha kuanzia?"

"Wanatosha kuanzia, mama."

"Inalipa?"

"Mimi si mkadiriaji tena. Kifaa kimefungwa."

"Sikukuuliza kifaa, nimekuuliza wewe. Inarudi kwa muda gani?"

"Miaka saba."

"Na mimi mmenipa miezi kumi na minne."

"Usipotibiwa, ndiyo."

Aliwatazama kuku wake. Nilisubiri matusi, maana zamu yangu ilikuwa imefika.

"Nifungie," alisema. "Mimi najijua. Nikienda hospitali kwa kuogopa kufa, nitaishia stendi nirudi kulisha kuku. Lakini nikiwa na sola juu ya paa iliyokula majogoo wangu na haijanirudishia hata bawa, nitafika, na wakitaka kunilaza nitalala. Sijawahi kununua kitu nikakiacha kabla hakijanilipa." Alinyoosha mkono ainuliwe. "Perpetua, acha kulia ukavae viatu. Siendi huko peke yangu."